Visiwa Vilivyo Nchi Kavu: Ndege wa Misitu ya Ruangwa na Nachingwea na Somo la Bahari ya Pasifiki

Utangulizi

Mwanafunzi anayesoma jiografia hufundishwa kwamba kisiwa ni sehemu ya nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote. Fasili hiyo yawatosha mabaharia na wachora ramani. Kwa mtaalamu wa viumbe, hata hivyo, fasili hiyo ni finyu. Kwake yeye kisiwa ni mahali popote ambapo kiumbe fulani aweza kuishi, palipozungukwa na mahali ambapo kiumbe huyo hawezi kuishi. Bwawa ni kisiwa kwa samaki. Kilele cha mlima chenye baridi ni kisiwa kwa mimea ipendayo baridi. Vivyo hivyo, kipande cha msitu mnene kilichosalia katikati ya mashamba ya ufuta ni kisiwa kwa ndege ambaye hajazoea kutoka kwenye kivuli.

Katika makala haya tutaeleza kwa ufupi mambo manne. Kwanza, kwa nini ndege wa visiwani ni wa pekee na kwa nini hutoweka upesi. Pili, mambo yaliyowapata ndege wa visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Tatu, namna mambo hayo yanavyohusu wilaya za Ruangwa na Nachingwea, mkoani Lindi, pamoja na uwanda wa juu wa Rondo ulio jirani. Nne, hatua ambazo vijiji na shule zaweza kuchukua. Msomaji asidhani kwamba habari hizi ni za mbali. Wilaya ya Ruangwa peke yake, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,500, ni kubwa mara nne na zaidi kuliko kisiwa cha Guam, ambako takriban ndege wote wa asili wa msituni walitoweka katika muda wa miaka isiyofika 40.

Kwa nini ndege wa visiwani ni wa pekee?

Hatuna haja ya kwenda Pasifiki kutafuta jibu la swali hili. Mfano mzuri tunao katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba.

Unguja imetenganishwa na bara na mkondo wa maji yasiyo na kina kirefu. Wakati wa enzi ya mwisho ya barafu, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda katika nchi za baridi, usawa wa bahari ulishuka kwa zaidi ya mita 100, na Unguja ikaungana na bara. Kwa hiyo viumbe vya Unguja vimetengwa kwa muda wa miaka elfu chache tu. Pemba ni tofauti. Mkondo unaoitenga na bara una kina cha mamia ya mita, na bahari iliposhuka Pemba ilibaki kuwa kisiwa.

Matokeo yake yanaonekana kwa ndege. Unguja haina hata spishi moja ya ndege isiyopatikana mahali pengine. Pemba, ambayo ni ndogo kuliko Unguja, inazo nne: bundi mdogo wa Pemba, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, na kijindege cha rangi ya manjano chenye duara jeupe kuzunguka jicho. Babu zao walitoka bara, wakafika Pemba, wakazaana wao kwa wao vizazi kwa vizazi bila kuchanganyika na ndugu zao waliobaki, hata wakawa spishi mbali.

Basi tunapata kanuni ya kwanza: utengano wa muda mrefu huzaa viumbe vya pekee. Lakini kanuni hii ina upande wa pili. Kiumbe aliyezaliwa kisiwani hana mahali pengine. Akimalizika hapo, amemalizika duniani. Aidha, ndege waliokaa visiwani kwa mamilioni ya miaka bila ya nyoka, paka wala panya huacha tabia ambazo huwasaidia ndege wa bara. Baadhi yao huacha kuruka. Wengine hutaga chini, au hutaga yai moja tu kwa msimu. Wengine hawana kinga ya maradhi ambayo ndege wa bara wameyazoea. Maadamu kisiwa kimefungwa, mambo hayo hayana madhara. Madhara huanza siku mlango unapofunguliwa.

Yaliyotokea katika Bahari ya Pasifiki

Tutaeleza mifano miwili.

(a) Hawaii. Katika visiwa vya Hawaii kulikuwa na jamii moja ya ndege wadogo wa msituni wenye spishi zaidi ya 50, zote zikiwa zimetokana na babu mmoja. Wengine walikuwa na midomo mirefu iliyopinda ya kunyonya maji matamu ya maua, wengine midomo minene ya kupasua mbegu. Visiwa hivyo havikuwa na mbu. Inasimuliwa kwamba mbu waliingia mwaka 1826 katika maji ya mapipa ya meli. Baadaye ndege wa kigeni walioletwa visiwani walikuja na vijidudu vya malaria ya ndege. Malaria hiyo si ile inayotuuguza sisi, lakini nayo hubebwa na mbu. Ndege wa asili hawakuwa na kinga. Waliokaa maeneo ya chini yenye joto walikufa, wakasalia wale wa milimani ambako baridi huwazuia mbu. Leo hazisalii hata spishi 20 za jamii hiyo, na kwa kuwa hali ya hewa inazidi kuwa ya joto, mbu nao wanapanda mlima.

(b) Guam. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mizigo ya kijeshi ililetwa Guam kutoka visiwa vya karibu na Papua. Ndani ya mizigo hiyo alikuja nyoka wa rangi ya kahawia apandaye miti na kuwinda usiku. Kisiwa hicho hakikuwa na nyoka wa namna hiyo. Katika miaka ya 1960 na 1970 watu walianza kuona kwamba misitu inanyamaza, upande wa kusini kwanza, kisha kaskazini. Wengine walidhani sababu ni dawa za kuua wadudu, wengine maradhi. Mtafiti Julie Savidge alilinganisha ramani ya kuenea kwa nyoka na ramani ya kutoweka kwa ndege, akapima pia maradhi na masalio ya dawa, na mwaka 1987 alitangaza kwamba chanzo kikubwa ni nyoka. Kati ya spishi 12 za ndege wa asili wa msituni, 10 zilitoweka kisiwani.

Madhara hayakuishia kwa ndege. Buibui, waliokuwa wakiliwa na ndege, wameongezeka mno katika misitu ya Guam kuliko katika visiwa jirani vyenye ndege. Miti ambayo mbegu zake zilisambazwa na ndege sasa huangusha matunda chini ya shina lake yenyewe, na miche michache tu huota mbali. Msitu usio na ndege huonekana mzima kwa mgeni apitaye, kumbe umekwisha kupoteza wapanzi wake.

Hata hivyo, si kila kitu kilipotea. Ndege mmoja asiyeruka, aitwaye ko'ko' na wenyeji wa Guam, aliokolewa kwa kukamatwa ndege 21 waliosalia na kuzalishwa vizimbani. Baada ya miaka mingi vizazi vyao vilirudishwa katika visiwa viwili jirani visivyo na nyoka huyo, na mwaka 2019 ndege huyo aliondolewa katika orodha ya viumbe vilivyotoweka porini. Mdiria wa Guam naye alizalishwa vizimbani tangu miaka ya 1980, na mwaka 2024 mdiria tisa waliachiwa huru katika kisiwa cha mbali cha Palmyra. Tuzingatie gharama: kazi ya miaka 40 kwa ajili ya ndege tisa. Kulinda kilichopo ni rahisi kuliko kurudisha kilichopotea.

Kilima kilichogeuka kisiwa

Msomaji aweza kuuliza: Je, mambo ya baharini yanahusu vipi misitu ya bara? Jibu lilipatikana Panama. Mfereji wa Panama ulipochimbwa, mto uliwekewa boma, na kufikia mwaka 1914 maji yalikuwa yamefunika mabonde. Kilima kimoja chenye msitu kikabaki kimezungukwa na ziwa, nacho kikaitwa kisiwa cha Barro Colorado. Tangu mwaka 1923 kimelindwa kwa ajili ya utafiti. Hakuna aliyekata miti wala kuwinda ndege kwa ruhusa. Hata hivyo, makumi ya spishi za ndege zilizokuwapo mwanzoni zimetoweka kisiwani humo, ingawa msitu wa ng'ambo ya ziwa bado unazo. Baadaye watafiti walifanya jaribio: waliwachukua ndege wa ndani ya msitu, wakawaachia wakiwa katika mashua ziwani kwa umbali uliopimwa. Baadhi ya spishi zilishindwa kuruka hata mita 100 za maji. Mabawa walikuwa nayo, ila hawakuwa wameumbwa kwa safari ya mahali peupe.

Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Marekani, Robert MacArthur na Edward Wilson, walitoa nadharia inayoeleza mambo haya. Kwa maneno machache nadharia hiyo yasema kwamba idadi ya spishi katika kisiwa hutokana na mizani ya mambo mawili: spishi zinazoingia na spishi zinazotoweka. Kisiwa kilicho mbali hupata wageni wachache. Kisiwa kidogo hupoteza wenyeji wengi, kwa sababu kila spishi ina ndege wachache tu, na ndege wachache huweza kumalizwa na moto mmoja, ukame mmoja, au msimu mmoja mbaya wa kutaga.

Kanuni hiyo yaweza kupigiwa hesabu. Katika visiwa vya baharini, eneo likipungua mpaka sehemu moja ya kumi, spishi hupungua kufikia karibu nusu. Katika vipande vya msitu vya bara, ambako baadhi ya ndege huweza kuvuka kutoka kipande hiki hadi kile, upungufu huwa mdogo zaidi. Tuchukue mfano wa kufikirika. Msitu wa hekta 1,000 una spishi 40 za ndege wa msituni. Msitu huo ukikatwa ukabaki hekta 100:

(i) ikiwa ndege hawawezi kabisa kuvuka nje, tutazamie kubaki spishi 20 hivi;
(ii) ikiwa baadhi yao huweza kuvuka, tutazamie kubaki spishi 28 hivi.

Tofauti ya spishi nane katika mfano huu haikutokana na ukubwa wa msitu. Imetokana na hali ya ardhi iliyo baina ya msitu na msitu. Jambo hili tutalirudia, kwa kuwa ndilo lililo mikononi mwa wakulima.

Tukumbuke pia kwamba upungufu huo hautokei siku miti inapoanguka. Huchukua miaka, pengine makumi ya miaka. Ndege wachache huendelea kuonekana, na watu husema hakuna kilichoharibika. Hali hiyo twaweza kuifananisha na deni: mkopo umekwisha kuchukuliwa, siku ya kulipa haijafika. Nchini kwetu, mtafiti William Newmark na wenzake wamechunguza ndege wa vipande vya misitu ya Usambara tangu mwaka 1987, vingine vikiwa vidogo kuliko uwanja wa mpira. Waliona kwamba vipande vidogo na vilivyo mbali hupoteza ndege wengi wa chini ya msitu, na kwamba viota katika vipande hivyo huharibika zaidi kuliko vile vya msitu mkubwa.

Visiwa vyetu: Rondo na jirani zake

Ukisafiri kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa, kisha ukaelekea mashariki, mbele yako huinuka uwanda wa juu wa Rondo, unaofikia karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, baina ya bonde la Mbwemkuru upande wa kaskazini na bonde la Lukuledi upande wa kusini. Kwa sababu ya kuinuka kwake karibu na pwani, uwanda huo hupata unyevu zaidi kuliko nchi ya chini inayouzunguka. Ndiyo maana juu yake umeota msitu mnene, hali sehemu kubwa ya Ruangwa na Nachingwea ni nchi ya miombo, yaani miti inayopukutisha majani wakati wa kiangazi. Msitu wa Rondo ni mojawapo ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, ambayo imetawanyika vipande vipande kutoka Somalia mpaka Msumbiji.

Ndege wa miombo na ndege wa msitu mnene si wamoja. Ndege wa miombo amezoea jua, moto wa kiangazi na safari ndefu, naye hupatikana kutoka hapa mpaka Zambia na Angola. Ndege wa msitu mnene amezoea kivuli na unyevu. Kwake yeye kilomita 20 za miombo iliyopukutika ni kama bahari. Tutawataja wachache.

Wa kwanza ni zuwakulu wa kijani. Ndege huyu hula matunda na hutoboa kiota katika miti iliyooza. Zuwakulu wa Rondo ni wa namna yake, na ndugu yake anayefanana naye sana hupatikana katika msitu mdogo wa Ngoye, Afrika Kusini, umbali wa zaidi ya kilomita 2,000. Katikati ya misitu hiyo miwili zuwakulu wa namna hii hajaonekana. Haielekei kwamba ndege huyu mzito na mpenda kivuli aliruka umbali huo. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba zamani, nchi ilipokuwa na mvua nyingi zaidi, msitu ulienea, kisha ukarudi nyuma na kuwaacha ndege hawa katika visiwa viwili.

Wa pili ni mkesha mwenye madoa kifuani, atafutaye wadudu katika majani makavu yaliyoanguka. Ndege huyu yumo katika orodha ya dunia ya ndege walio hatarini. Katika miezi ya katikati ya mwaka huonekana katika misitu ya pwani ya Kenya, kama vile Gede na Arabuko-Sokoke, na misitu ya mkoa wa Lindi huhesabiwa miongoni mwa mahali anapozaliana. Kwa hiyo msitu ukikatwa Lindi, ndege hupungua Kenya.

Wa tatu ni ndege mdogo mla wadudu, mweusi na mweupe, aliyeelezwa kitaalamu na Mjerumani Hermann Grote mwaka 1911. Hapatikani popote duniani ila katika pwani ya kusini-mashariki ya Tanzania. Wataalamu wengine humhesabu kuwa spishi kamili, wengine kuwa tawi la spishi nyingine. Vyovyote vile, nyumbani kwake ni hapa tu. Tukiongeza na komba mdogo wa Rondo, aliyetangazwa kuwa spishi mpya mwaka 1996, tunaona kwamba uwanda huu ni hazina isiyo na nakala.

Msitu wenyewe umepitia mengi. Katika miaka ya 1940 na 1950 mivule yake ilivunwa kwa wingi, na baadaye sehemu fulani zilipandwa misonobari na misaji. Katika miaka hiyo hiyo, kuanzia 1947, nchi ya Nachingwea ilifyekwa kwa matrekta kwa ajili ya mpango wa karanga wa serikali ya kikoloni. Mpango huo uliachwa mwaka 1951 baada ya kupoteza mamilioni ya pauni, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara ilifungwa mwaka 1962. Wapangaji wake waliitazama ramani wakaona nchi tupu. Hawakupima vya kutosha udongo wala mvua. Kosa lilikuwa kufyeka kwanza na kuchunguza baadaye.

Siku hizi Rondo ni hifadhi ya mazingira asilia, yenye zaidi ya hekta 11,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Hata hivyo hifadhi haiwezi kusimama peke yake. Nje yake, katika Ruangwa na Nachingwea, yapo mabaki ya vichaka vizito, misitu ya kingo za mito na miombo mizuri, ambayo mengi yamo katika ardhi ya vijiji. Hapo ndipo penye hatari. Ufuta umekuwa zao kubwa la biashara, nao hustawi katika ardhi mpya. Wakulima wengi hufyeka msitu, huchoma, hulima misimu michache, kisha huhama magugu yanapozidi na rutuba inapopungua. Tusimlaumu mkulima kana kwamba hana akili: ufuta humlipia karo na bati la nyumba, na shamba jipya humpunguzia palizi. Lakini hesabu ya spishi tuliyoieleza haimwonei mtu huruma. Kila mwaka bahari hupanuka na visiwa hupungua.

Mfano una mipaka

Ni wajibu wa mwalimu kueleza mahali ambapo mfano wake unakomea. Ndege wa Ruangwa si wajinga wa hatari kama ndege wa Guam. Wameishi na nyoka, nyani na vicheche tangu asili, na mbu na malaria ya ndege si mambo mageni kwao. Kwa hiyo adui wa kigeni si hatari yao ya kwanza, ingawa tusimsahau kunguru wa India, aliyeletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka, naye akaenea pwani yote akila mayai na makinda ya ndege wengine.

Tofauti kubwa zaidi ni hii. Mtu wa Guam hawezi kuigeuza bahari iwe nchi kavu. Mtu wa Ruangwa aweza. "Bahari" inayozunguka misitu yetu ni ardhi, nayo hubadilika kwa kazi ya binadamu. Shamba lililochomwa likabaki jeupe ni bahari ya kina kirefu. Shamba la mikorosho mikubwa, lenye kivuli mwaka mzima, ni maji ya magotini kwa ndege wengi. Ukanda wa miti ya asili kando ya kijito ni daraja. Kule Pemba, bundi na ninga wa kisiwani huonekana pia katika mashamba ya mikarafuu mikongwe, si msituni Ngezi peke yake. Laiti Pemba ingekuwa imefyekwa yote ikabaki Ngezi tu, yenye hekta zisizofika 1,500, maisha yao yangekuwa mashakani zaidi.

Nini kifanyike?

1. Kutenga misitu ya vijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, pamoja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, huiruhusu serikali ya kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuutungia sheria ndogo na kupata mapato ya mavuno yake. Msitu wenye mapato hupata mlinzi. Kijiji kikiwa na nafasi ya kuchagua, kichague kipande kimoja kikubwa kuliko vipande vingi vidogo vilivyotawanyika, na kichague kilicho karibu na msitu mwingine.

2. Kuacha madaraja. Kingo za mito na vijito zisifyekwe. Faida yake si kwa ndege tu. Kingo zenye miti huzuia mmomonyoko na hutunza maji ya kiangazi.

3. Kuzuia moto. Moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, huingia katika ukingo wa msitu na kuula kidogo kidogo kila mwaka. Mashamba yachomwe kwa zamu, watu wakiwapo, baada ya kusafishwa njia ya moto.

4. Kulima mahali pamoja kwa muda mrefu zaidi. Kubadilisha ufuta na mazao ya jamii ya kunde, kurudishia udongo mabaki ya mimea, na kutumia mbegu bora huongeza miaka ya shamba. Hekta isiyohamwa ni hekta ya msitu iliyookoka.

5. Kuacha miti mikongwe na iliyooza ndani ya msitu. Zuwakulu na bundi hawana nyumba nyingine.

Wengine watasema mambo haya hayawezekani vijijini. Yamewezekana. Popo mkubwa wa Pemba, asiyepatikana penginepo, alikaribia kumalizwa kwa kuwindwa na kukatwa miti, na mwaka 1996 aliwekwa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa. Wanavijiji, wakiwamo wa Kidike, waliunda vikundi vya kuwalinda. Idadi iliongezeka, na mwaka 2008 popo huyo alishushwa katika daraja la hatari ndogo zaidi.

Zoezi kwa shule

Kazi ya kuhesabu ndege haihitaji vyombo vya gharama. Wanafunzi wachague mahali patatu: ndani ya msitu, katika mikorosho, na katika shamba la ufuta. Wafike alfajiri, kwa kuwa ndege huimba zaidi wakati huo. Wasimame kimya dakika kumi, waandike kila ndege aliyeonekana au kusikika ndani ya hatua 50. Wasiojulikana kwa Kiswahili waandikwe kwa jina la Kimwera au lugha nyingine ya nyumbani, na wazee waulizwe. Kazi irudiwe siku tano, kila mahali kwa saa ile ile, kisha irudiwe kila mwaka mwezi ule ule. Daftari la miaka kumi la shule moja ya msingi litakuwa na thamani kwa taifa, kwa sababu deni tulilolitaja haliwezi kuonekana bila ya mtu aliyeanza kuhesabu mapema. Guam walianza kuhesabu kwa bidii ndege walipokuwa wamekwisha kunyamaza.

Maswali

1. Eleza kwa nini Pemba ina spishi nne za ndege zisizopatikana penginepo, ilhali Unguja haina hata moja.

2. Julie Savidge alifanyaje kutofautisha kati ya sababu tatu zilizodhaniwa kuwaua ndege wa Guam?

3. Msitu wa kijiji wenye hekta 500 unabaki hekta 50. Ikiwa ulikuwa na spishi 30 za ndege wa msituni, na hakuna awezaye kuvuka nje, tutazamie kubaki spishi ngapi baada ya miaka mingi? Kwa nini hazitoweki mara moja?

4. Chora ramani ya kijiji chako. Onyesha "visiwa" na "bahari". Ni mahali gani ukanda mmoja wa miti ungeunganisha visiwa viwili, na ni nani wenye mashamba hapo ambao yafaa kushauriana nao kwanza?